Sayari ya zamani au sayari iliyozeeka?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Natafsiri sura ya kwanza ya riwaya ya H. G. Wells ya mwaka 1898, ile ya viumbe wa Mirihi wanaoivamia Uingereza. Mwandishi anasema Mirihi imeipita Dunia kwa umri. Niandike sayari ya zamani, sayari kongwe au sayari iliyozeeka? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba. Andika "iliyozeeka", na hiyo "ya zamani" uifute leo hii.

Zamani tumeipata kwa Waarabu, kwao ni wakati, kwetu ni wakati uliokwisha kupita. Mwanamke akikwambia "yule ni mume wangu wa zamani", ujue waliachana. Huenda bwana mwenyewe ni kijana wa miaka 30 na jioni anacheza mpira. Akisema "mume wangu mzee", huyo yumo ndani, anangoja chai. Hapo hakuna anayekosea, kwa kuwa talaka si jambo la kuchanganya. Ila tukigeukia vitu, adabu yote inatutoka: "nauza kabati la zamani", "naishi kwenye nyumba ya zamani". Nyumba uliyohama utaishije ndani yake? Inaniudhi, maana maneno tunayo tele: nguo ni kuukuu, gari ni chakavu, msikiti ni mkongwe, mtu ni mzee. Kwa nini zamani ibebeshwe mizigo yote hiyo?

Ukiandika "sayari ya zamani", nitaelewa kwamba Mirihi ilikuwa sayari, sasa siyo. Hayo yaliipata Pluto, iliyoondolewa kwenye orodha ya sayari mwaka 2006.

"Kongwe" nitaivumilia, lakini inataja umri peke yake. Soma tena aya yako. Mirihi ya Wells imepoa, hewa yake imekuwa nyepesi mno, bahari zimepungua hadi zinafunika theluthi moja tu ya uso wake. Anaeleza pia kwamba udogo wake uliiharakisha kupoa. Kwake, Mirihi imekwenda mbali na mwanzo wake na imekaribia mwisho wake, na ndiyo sababu wakazi wake wanaitamani Dunia yenye joto. Kuzeeka kunabeba yote mawili, miaka na kuishiwa nguvu.

Wanaastronomia wa leo watakwambia Mirihi na Dunia ni karibu rika moja, miaka bilioni 4.5 hivi. Usimsahihishe Wells ndani ya tafsiri. Mwache aseme yake: "Mirihi imezeeka."