Nikikatwa kodi ya mshahara, nimeshatoa zaka?

SUALI: Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete. Kila mwezi nikifungua slipu ya mshahara, kodi ishakatwa kabla sijashika hata senti. Ustadhi mmoja katuambia barazani kuwa kodi yote ni maks, yaani tozo ya dhulma iliyokatazwa, na pato langu la tuisheni nikilificha sina dhambi. Mwenzangu anasema anachokatwa ndiyo zaka yake. Nina mama mgonjwa, na deni dukani tangu Ramadhani.

JAWABU: Mwanangu, Mungu amponye mama yako.

Ustadhi kashika hadithi, ila kaiweka si pahala pake. Maks iliyokemewa ni ile ya mtu anayekaa njiani au sokoni akimnyang'anya mpita njia, na asirudishiwe chochote. Sasa mshahara wako unatoka wapi? Si hazina hiyo hiyo? Kwa hesabu yake, basi, na mshahara nao ni haramu. Mbona hakukwambia uuache? Suala la kuwa kodi ya mapato ni jambo la Muungano tuwaachie wanasiasa, halibadilishi hukumu.

Imamu Ghazali aliruhusu wenye uwezo watozwe hazina ikiwa tupu na haja ikiwa ya umma. Lakini waheshimiwa wanaopenda fatwa hiyo waisome na ya mwanachuoni Al-Izz bin Abdissalam. Wamongoli walikuwa wanaikaribia Misri, Sultani wake Qutuz akataka kuwatoza raia. Sheikh akamjibu: kwanza hazina iwe haina kitu, na maamiri wenu wauze mikanda yao ya dhahabu, kila mmoja abaki na farasi na silaha yake, alingane na watu wa kawaida. Huo ndio mpaka. Gari la ofisi linalopelekwa sokoni kununua samaki wa nyumbani kwa bwana mkubwa liko nje ya mpaka huo, na aliyelituma ataulizwa.

Wako wanazuoni walioruhusu mtu kujiepusha na tozo ya dhulma, sikufichi. Lakini kujiepusha ni mbali na kutia saini kuwa huna pato ilhali unalo. Usitie saini hiyo.

Mwenzako naye kakosea. Wapewao zaka ni wanane, wametajwa katika aya ya 60 ya Sura Tawba, na barabara inayojengwa kwa kodi haimo. Akiba yake ikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu na ikipitiwa na mwaka wa mwandamo, atoe asilimia 2.5, akatwe kodi asikatwe.

Ama wewe, nimeisoma barua yako mara mbili. Unauliza kama umeshatoa zaka, nami naona huenda wewe ni wa kupewa. Mwenye deni lililomshinda ni mmoja katika hao wanane. Nenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, au kwa imamu wa msikiti wako, uchukue na daftari la dukani lenye mchele na sukari yako. Usione haya. Na muuza duka mpelekee japo elfu tano kila mwezi, aandike mbele yako.