Hoteli ya Ubunifu Shanghai: Unacholipia ni Mchana

Wengi wetu tunaokwenda China kutoka Afrika Mashariki hufuata mzigo Guangzhou au Yiwu, na katika safari ya namna hiyo hoteli ni mahali pa kuoga, kulala na kufunga mabegi. Kwa kazi hiyo hoteli ya kawaida inatosha kabisa, na simshauri mtu aongeze hata senti. Ninayemwandikia ni yule aliyemaliza shughuli zake, au aliyekwenda kwa fungate au mkutano, ambaye ameamua kwa hiari kutumia fedha nzuri katika moja ya hoteli za kifahari zinazosifika kwa usanifu wake. Nimelala katika kadhaa za namna hiyo, hasa Shanghai, na jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba chumba chake hulipiwa kwa ajili ya saa za mchana. Msanifu amehangaika na mwanga, mawe, mbao na upana wa korido; mgeni anayeingia saa tano usiku na kutoka alfajiri amelipia giza.

Kwa hiyo panga safari kuanzia hapo. Hoteli nyingi za China hutoa chumba kuanzia saa nane au saa tisa alasiri, na hukitaka saa sita mchana wa siku ya kuondoka. Ikiwa ndege yako ya kuunganisha kupitia Addis Ababa, Doha au Dubai inatua uwanja wa ndege wa Pudong usiku, lala usiku wa kwanza katika hoteli rahisi iliyo karibu na uwanja, kisha uingie mjini kesho yake ukiwa umepumzika. Usiku mmoja uliofuatwa na mchana mzima ndani ya jengo zuri una faida kuliko usiku wa tatu uliotumika kurejea kutoka sokoni. Angalia pia majira. Kuanzia katikati ya Juni hadi mapema Julai Shanghai huwa katika msimu wake wa mvua za rasharasha, mbingu inakuwa ya kijivu siku baada ya siku, na chumba ulichokilipia kwa ajili ya dirisha lake kubwa kinapoteza nusu ya thamani. Mwishoni mwa Oktoba na Novemba, baada ya sikukuu ya taifa inayoanza tarehe 1 Oktoba na kupandisha bei kila mahali, ndio wakati ninaoupenda.

Pili, chagua msanifu kabla ya kuchagua nyota. Nyota tano mara nyingi hukueleza kwamba kuna bwawa la kuogelea na wapokezi wa usiku kucha, lakini hazikuelezi jengo linasema nini. The Middle House, iliyofunguliwa mwaka 2018 wilayani Jing'an kando ya Nanjing West Road, ilibuniwa ndani na Mwitaliano Piero Lissoni, ikiwa na vyumba 111 tu, na mtu anayeingia ukumbini hukutana na thurea kubwa la kioo cha Murano, kisiwa cha Italia kinachosifika kwa vioo, linaloning'inia juu yake. Huo ni utulivu wa Milano uliowekwa katikati ya mji wenye kelele, na anayependa vitu vichache vilivyopangwa kwa makini atapumua humo. Ukitoka mlangoni, hatua chache tu unafika Zhang Yuan, mtaa wa nyumba za kale za matofali zenye milango iliyozungushiwa fremu za mawe, ambao sehemu yake ilifunguliwa tena mwishoni mwa mwaka 2022 baada ya kukarabatiwa. Nilitembea pale asubuhi, nikarudi hotelini mchana, na ndipo nilipoelewa kwa nini nimelala katika mtaa ule na si kwingine.

Wengine hutaka jengo ambalo lenyewe ndilo safari. Huko Songjiang, mbali na katikati ya mji, InterContinental ilifungua mwaka 2018 hoteli iliyojengwa ikishuka ndani ya shimo la machimbo ya mawe yaliyoachwa, na ghorofa zake za chini kabisa ziko chini ya maji. Amanyangyun, iliyofunguliwa mwaka huohuo, imejengwa kuzunguka nyumba za kale na miti ya mkafuri iliyohamishwa kutoka mkoa wa Jiangxi ili isizamishwe na maji ya bwawa lililokuwa likijengwa. Ukichagua mojawapo ya hizi, usijidanganye kwamba utashinda Bund, ule ukingo maarufu wa mto katikati ya mji, na madukani kisha urudi kulala tu. Umbali utakumaliza, na jengo hutaliona.

Sasa nije kwenye jambo ambalo waandishi wengi wa safari hulipita kimya, nalo kwetu ni kubwa: stara. Wasanifu wa hoteli hizi wanapenda kioo. Bafu mara nyingi hutenganishwa na kitanda kwa ukuta wa kioo, au sinki na beseni la kuogea huwekwa wazi katikati ya chumba ili mwanga wa dirisha ufike ndani. Kwa hoteli ya Waterhouse ya South Bund, ambayo ofisi ya usanifu ya Neri&Hu iliibuni mwaka 2010 ndani ya jengo la miaka ya 1930, kuchanganya sehemu ya wazi na sehemu ya faragha lilikuwa wazo lenyewe la kazi: kulikuwa na madirisha yaliyomwezesha mtu aliye sehemu ya wote kuona kidogo ndani ya vyumba, kama inavyokuwa katika vichochoro vya nyumba za zamani za Shanghai. Ninaliheshimu wazo hilo kama usanifu. Hata hivyo, mtu anayesafiri na mama yake mzazi, au na ndugu, au hata na mwenzi ambaye bado wanazoeana, anapaswa kujua kabla ya kulipa.

Nilipokuwa nakwenda na mama, niliandikia hoteli barua pepe wiki kadhaa mapema na kuuliza maswali matatu tu: je, bafu lina mlango unaofungwa, je, ukuta wa kioo una pazia, nalo linaendeshwa kutoka upande gani, na je, vipo vyumba viwili vyenye mlango wa kati. Walijibu vizuri na kunitumia picha. Picha za matangazo hazitoshi, kwa sababu mpiga picha husimama pale kioo kisipoonekana. Hoteli isiyoweza kujibu maswali hayo, iache.

Katika suala lililo karibu na hilo, la usafi na ibada, kuna habari njema. Vyoo vya hoteli za daraja hili kwa kawaida ni vile vyenye kurusha maji ya uvuguvugu kwa kubonyeza kitufe, jambo ambalo sisi tuliozoea maji kuliko karatasi tunalithamini mno. Hakikisha tu kwa kuuliza, kwa kuwa si kila chumba cha bei ya chini kinacho. Kibla ya Shanghai iko magharibi, ikiinamia kaskazini kidogo, tofauti na kaskazini tuliyoizoea Dar es Salaam au Mombasa, kwa hiyo chumba chenye dirisha la magharibi hukurahisishia. Kwa chakula, hesabu kwamba mafuta na vijazo vya vitafunwa vya asubuhi vina nguruwe mpaka uambiwe vinginevyo na mpishi mwenyewe. Mayai, matunda, uji mweupe wa mchele na maziwa ya soya vitakufikisha mchana, kisha utafute mkahawa wa Kiislamu wa tambi za mtindo wa Lanzhou, ambao haukosekani katika mji wa ukubwa huo.

Kuhusu fedha, soma bei kwa makini. Hoteli nyingi za kifahari hutangaza bei kabla ya ada ya huduma ya asilimia 10 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 6, inayotozwa juu ya jumla hiyo. Chumba cha yuan 2,000 kinakuwa yuan 2,332. Ukifika, mapokezi watazuia kiasi fulani katika kadi yako kama amana, na kwa kadi za kawaida za benki zetu fedha hizo huchukua muda kurudi. Zungumza na benki yako mapema kuhusu kikomo cha matumizi ya siku, na usitegemee fedha za amana kununulia zawadi. Unganisha kadi yako na programu za malipo za simu za Kichina, Alipay au WeChat, ukiwa bado nyumbani, kwa sababu duka la kahawa lililo chini ya hoteli hulipwa kwa simu, ingawa malipo yanayozidi yuan 200 kwa kadi ya nje hutozwa ada ya asilimia 3. Bahashishi si desturi ya huko, na mhudumu anayeikataa hakudharau.

Pasipoti ya kila mgeni hunakiliwa mapokezi ili ipelekwe polisi, na rafiki yako anayeishi Shanghai haruhusiwi kulala chumbani bila kuandikishwa. Tangu tarehe 1 Julai 2019 hoteli za mji huo haziweki tena chumbani mswaki, kitana wala wembe wa kutupa mpaka mgeni aombe, basi omba bila haya. Beba adapta, kwa kuwa plagi zetu za pini tatu za mraba haziingii katika soketi za huko. WhatsApp na Google hazifunguki kwa intaneti ya hoteli. Laini ya simu ya nyumbani iliyounganishwa na huduma ya nje ya nchi (roaming) kwa kawaida huzifungua.

Mhudumu atakapokupeleka chumbani, usimwache aondoke haraka. Taa, mapazia na kiyoyozi huendeshwa kwa paneli moja yenye alama ndogo, na mwanga wa chumba umepangwa kwa makusudi: mwingine wa kusomea, mwingine wa jioni, mwingine wa kuamkia usiku bila kumsumbua aliyelala. Mwombe akuoneshe kila mmoja. Chukua pia kadi yenye anwani kwa maandishi ya Kichina, maana majengo haya hupenda bango dogo na mlango uliojificha, na dereva wa teksi anaweza kupita mbele yake bila kuuona.

Siku ya mwisho, omba muda wa nyongeza mpaka saa nane au saa tisa alasiri. Pasipo na wageni wengi mara nyingi hukubali bila malipo, na wakikataa watakuhifadhia mizigo huku wewe ukiendelea kukaa ukumbini. Ukiwa Jing'an huna haja ya kuondoka mapema kwa hofu ya foleni, kwa kuwa treni ya chini ya ardhi ya laini namba 2 hupita Nanjing West Road na kwenda hadi uwanja wa ndege wa Pudong. Jipe saa moja na nusu ya njia, na muda uliobaki utumie ndani ya jengo ulilolilipia.