Babu aliongoza baraza la mji, tuandike "Meya wa Kwanza wa Dodoma" kwenye kaburi?

SWALI: Mbukwenyi mzee, shikamoo. Sisi ni familia ya hapahapa Dodoma, babu yetu alifariki zamani na mwaka huu tunajengea kaburi lake. Tangu wadogo tunaambiwa alikuwa meya wa kwanza wa Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 60, baba anasema alikuwa anaongoza baraza la mji. Sasa kuna kaka mmoja kwenye grupu la WhatsApp ana orodha ya mameya wote wa Dodoma kuanzia 1907 mpaka leo, jina la babu limo ni namba nne, na anasema tukimlipa atatutolea cheti cha kuthibitisha chenye muhuri. Mashangazi wanataka tulipe haraka fundi wa marumaru anasubiri. Tuandike meya wa kwanza au meya wa nne? Na ushahidi wa serikali tunaupata wapi? – Mjukuu, Nkuhungu.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo hela msitoe, na fundi mwambieni asubiri kidogo. Kwenye marumaru msiandike meya wa kwanza wala wa nne, andikeni Mwenyekiti wa Baraza la Mji wa Dodoma, na miaka mkishaithibitisha, maana kama kweli aliongoza baraza la mji miaka ya 60 basi cheo chake kilikuwa hicho, na kwa Mwafrika wa kipindi kile kukalia kiti hicho ilikuwa heshima kubwa sana, haihitaji kuongezewa kitu.

Nimefanya kazi ya kumbukumbu na nyaraka kwenye halmashauri mpaka nimestaafu na mpaka leo watu wananifuata na swali hilihili, na karibu wote wanaanza na NANI. Nani alikuwa meya 1965, nani alikuwa meya 1975, wanataka jina tu. Huwezi kupata jina kabla hujajua mwaka huo mji wenyewe ulikuwa nani mbele ya sheria! Umeya unafuata hadhi ya mji. Halmashauri ya wilaya inaongozwa na mwenyekiti, halmashauri ya mji nayo mwenyekiti, ukifika manispaa ndiyo unakuta meya na naibu meya, na jiji hivyohivyo. Mji ambao haujafika manispaa unaweza kuwa na kiongozi hodari kuliko mameya wote wa nchi hii lakini meya hana. Dodoma imekuwa manispaa 1980, hesabu ya mameya wake inaanzia hapo, basi.

Kwa hiyo, hiyo orodha ya 1907 ukiitazama tu unajua aliyeitunga hajawahi kufungua faili. 1907 Wajerumani ndiyo wanajenga reli ya kati na Dodoma ndiyo kwanza inaanza kama kituo, reli yenyewe imefika 1910, sasa meya wa nani, achaguliwe na madiwani gani? Watunzi wa orodha hizi walichofanya ni kuchukua majina ya maafisa wa Kijerumani wakayaweka juu, kwa kipindi cha Waingereza, Dodoma ikiwa makao ya Jimbo la Kati, wakachukua majina ya ma-DC, yaani wakuu wa wilaya wa kikoloni, halafu wakashona na wenyeviti wa baraza la mji, wakaongeza wakuu wa wilaya wa baada ya uhuru, wote wanaitwa meya. DC alikuwa mtumishi wa gavana, aliletwa na akaondolewa kwa barua, hajawahi kupigiwa kura na mtu yeyote Dodoma. Kumwita meya ni kumpa heshima asiyostahili na kumnyima anayestahili, na hapo babu yenu ndiye anayenyimwa, maana anakuwa namba nne nyuma ya wakoloni.

Halafu muulizeni huyo kaka 1975 ameandika nani. Mi nina uhakika kuna jina, kila orodha ya hivi niliyoiona ina jina pale, na pale hapatakiwi kuwa na jina LOLOTE. Mwaka 1972 serikali ilileta Madaraka Mikoani, mabaraza ya wilaya yakavunjwa na ya miji yakafuata muda mfupi baadaye, kazi zote zikahamia kwa watendaji wa mkoa na wilaya waliokuwa wanateuliwa. Hakuna diwani, hakuna mwenyekiti wa baraza, hakuna meya, nchi nzima. Miji ilioza kwa kweli, taka, maji machafu, kipindupindu, ndipo 1978 ikatungwa sheria ya muda ya kurudisha mabaraza ya miji, kisha 1982 zikaja sheria zenyewe, ile Namba 7 ya wilaya na Namba 8 ya miji ambayo mpaka leo ndiyo inasema meya anapatikanaje. Katiba nayo ikaingiza serikali za mitaa kwenye ibara ya 145 na 146. Lile pengo la miaka ya 70 ndilo kipimo changu cha kwanza kwa orodha yoyote ya mji wowote wa Tanzania bara, ikiwa imejazwa naifunga siendelei kuisoma.

Dodoma ina mtego wake wa peke yake, CDA. Mwaka 1973 TANU imeamua makao makuu yahamie hapa na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ndiyo hiyo CDA, na kwa zaidi ya miaka 40 mtu aliyetaka kiwanja, ramani au kibali cha kujenga Dodoma alikuwa anaenda CDA. Mkurugenzi Mkuu wa CDA alionekana mjini kuliko meya, kwa hiyo wazee wengi kwenye kumbukumbu zao "yule bosi wa mji" ni mtu wa CDA, na ndivyo anavyoingia kwenye orodha. Hakuwa meya, hakuchaguliwa na baraza, alikuwa mteule wa serikali kwenye shirika lililosimama pembeni ya manispaa, na hiyo hali ya mji mmoja wenye mabwana wawili imeleta migogoro ya ardhi ambayo wengine bado mnaishi nayo. Rais Magufuli aliivunja CDA 15 Mei 2017 kazi zake zikaenda manispaa, na mwaka uliofuata tarehe 26 Aprili kwenye sherehe za Muungano uwanja wa Jamhuri akatangaza Dodoma kuwa jiji. Profesa Davis Mwamfupe ndiye alikuwa meya wakati huo, kwa maana hiyo alilala meya wa manispaa akaamka meya wa jiji. Ukimwita meya wa kwanza wa Jiji la Dodoma uko sahihi, ukimwita meya wa kwanza wa Dodoma umefuta watu wote waliokaa pale tangu 1980. Ona neno moja likikosekana linavyoharibu historia.

Na msidhani ni Dodoma tu. Dar es Salaam watu wanaandika kila siku Sheikh Amri Abedi ni meya wa kwanza wa Dar, hapana jamani, ni meya wa kwanza MWAFRIKA, 1960, kabla yake umeya ulikuwepo na mmoja wa walioushika ni Abdulkarim Karimjee. Amri Abedi hapungukiwi chochote, ni mshairi mkubwa, alikuja kuwa waziri wa sheria, uwanja wa Arusha una jina lake. Njoo 1996, Halmashauri ya Jiji la Dar ilivunjwa, ikaletwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja mpaka 2000, na watu wanamwandika Keenja meya, wakati yeye alikuwa mwenyekiti wa tume iliyowekwa kwa sababu baraza halipo. Kuanzia 2000 Dar ikawa na jiji pamoja na manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, kila moja na meya wake, kwa hiyo mtu akikwambia "alikuwa meya wa Dar 2007" lazima umuulize wa jiji au wa Temeke. Adam Kimbisa kwa mfano, ambaye huku kwetu tunamjua kama mwenyekiti wa CCM mkoa, yeye alikuwa wa jiji. Na Februari 2021 lile jiji la juu likavunjwa, Ilala ikapandishwa kuwa ndiyo Jiji la Dar es Salaam. Anayechora mstari mmoja ulionyooka toka ukoloni mpaka leo amechora kitu ambacho hakipo.

Familia nyingine zinapotea kwenye naibu meya. Meya anachaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao baada ya uchaguzi mkuu na anakaa miaka mitano, lakini naibu anachaguliwa kila mwaka, anaweza kurudishwa au kubadilishwa, na meya akisafiri au akiugua naibu ndiye anaongoza kikao. Sasa mzee ana picha amevaa joho na mkufu, au jiwe la msingi lina jina lake, wajukuu wanasema alikuwa meya. Inawezekana alikaimu siku hiyo moja. Picha siyo ushahidi wa cheo, ni ushahidi kwamba alikuwepo.

Ushahidi wenyewe ni muhtasari wa kikao cha baraza. Juu kabisa una orodha ya waliohudhuria na cheo cha kila mtu, na muhtasari huwa unathibitishwa kikao kinachofuata, ndipo mwenyekiti na katibu wanaweka sahihi na tarehe. Ukipata karatasi mbili tu za hivyo, moja ya mwanzo wa kipindi chake na moja ya mwisho, kazi imeisha. Tatizo la mabaraza ya miaka ya 60 ni kwamba yalipovunjwa makaratasi yalifuata kazi, kwa hiyo usiishie halmashauri ya jiji, ulizia na ofisi ya mkoa, halafu nenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, wana kituo hapahapa Dodoma na hifadhi kubwa iko Dar. Sheria ya 2002 inaweka miaka 30 kabla ya nyaraka kufunguliwa kwa watu wote, za babu yenu zimeshavuka muda huo zamani. Nenda na kitambulisho na barua fupi inayosema unatafuta baraza gani na miaka ipi, usiandike "natafuta habari za babu" watashindwa kukusaidia. Gazeti la Serikali nalo linaonyesha mji ulipobadilishwa hadhi, na magazeti ya zamani kama Uhuru na Ngurumo utayakuta maktaba ya Chuo Kikuu Dar es Salaam. Nyumbani pia fungueni masanduku, barua yoyote yenye kichwa cha baraza la mji ni mali, msiipige laminesheni inaua karatasi, iwekeni kwenye bahasha kavu.

Hakuna ofisi ya serikali inayotoa "cheti cha umeya wa marehemu". Haipo! Huyo kaka atachonga muhuri mtaani aupige kwenye karatasi nzuri ya rangi, na kughushi muhuri wa serikali ni kosa la jinai, na nyie mtakuwa mmelinunua. Inaniuma kwa sababu hawa vijana wanajua familia ina uchungu na mzee wao ndiyo maana wanaanzia hapo.

Na wakishazoea cheti hawaishii kwenye cheti. Siku hizi naletewa karatasi za viwanja, mtu ananunua eneo pembezoni mwa mji kwa sababu muuzaji ana "barua ya meya ya 1986" iliyompa babu yake ekari kadhaa, na mnunuzi anaamini maana meya si ndiye mkubwa wa mji. Meya ni mwenyekiti wa kikao cha madiwani, hagawi ardhi. Mtendaji mkuu na mwenye dhamana ya fedha ni mkurugenzi, anateuliwa na Rais, na meya madiwani theluthi mbili wakimkataa anatoka. Ndani ya eneo la makao makuu kuanzia 1973 mpaka 2017 ardhi ilikuwa mikononi mwa CDA, mikataba yake ya upangishaji ilikuwa ya miaka 33, ndiyo maana baada ya kuvunjwa watu waliambiwa wabadilishe wapate hati za miaka 99. Barua ya meya ya miaka hiyo inayogawa kiwanja mjini ni karatasi ya kuogopa kabla hata hujaisoma, na haijalishi jina la meya lililoandikwa ni la kweli au limetoka kwenye hizo orodha za WhatsApp. Chukua namba ya kiwanja na ya kitalu, nenda mwenyewe idara ya ardhi ya jiji ukaombe upekuzi, lipia kwa namba ya malipo ya serikali siyo kwa simu ya mtu, na ukiambiwa kiwanja hicho hakipo kwenye vitabu usirudi kwa muuzaji kumuuliza kwa nini, nenda polisi na fotokopi ya hiyo barua.