Mgonjwa wa kemo akiumwa tumbo, usiridhike na "ni malaria tu"

Huku kwetu Kisumu mtu akija na homa na kuendesha, jibu huwa tayari kabla hajaketi: malaria, taifodi au amiba. Kwa mgonjwa wa saratani anayepata kemo, yaani dawa kali za kuua chembe za saratani, haraka hiyo ni ya hatari.

Nilimuuguza shangazi yangu wa Ahero alipokuwa akitibiwa limfoma, saratani ya mfumo wa limfu. Wiki moja hivi baada ya dozi, tumbo lilimshika, akawa hataki hata leso imguse. Kwenye kituo cha kwanza kipimo kilionyesha vimelea vya malaria, basi mambo yakaishia hapo: dawa, Panadol, nendeni nyumbani. Lakini kandokando ya ziwa mtu mzima anaweza kuwa na vimelea kwenye damu na visiwe ndivyo vinavyomlaza. Nikamuuliza panauma wapi hasa. "Ni hapa, mwanangu," akakishika kidole changu na kukiweka chini, upande wa kulia. Wengi wangesema apendiksi.

Kwenye hospitali ya rufaa swali la kwanza lilikuwa, "Kemo ya mwisho ilikuwa lini?" Wakapima damu. Neutrofili, zile chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, zilikuwa chache mno, chini ya 500 kwa mikrolita. Picha ya CT ikaonyesha ukuta wa utumbo mpana umevimba pale unapoanzia, jirani kabisa na apendiksi. Ugonjwa huo huitwa taiflaitisi. Kemo huchubua utando wa utumbo wakati ambapo kinga imeshuka, na bakteria wa tumboni wanapenya. Mara nyingi hutibiwa kwa kupumzisha utumbo, dripu na antibiotiki za mshipa. Upasuaji huja utumbo ukitoboka au damu ikikataa kukoma.

Kwa hiyo nunua kipimajoto. Joto likifika 38, mpeleke hospitali hata kama ni usiku wa manane, na usimpe Panadol kwanza, maana itaishusha homa na daktari ataona mtu mwenye nafuu. Dawa ya kufunga kuendesha, hapana, mpaka daktari aseme. Enema pia ikatae: bomba kwenye njia ya haja kubwa linaweza kuingiza bakteria kwenye damu ya mtu asiye na kinga.

Mlangoni sentensi yako ya kwanza iwe, "Anapata kemo, ya mwisho ilikuwa tarehe fulani," huku kadi ya matibabu iko mkononi. Halafu, "Samahani daktari, tunaweza kupima chembe nyeupe za damu?" Daktari mzuri hatakasirika. Akikasirika, uliza tena.

Kuna jingine ambalo ni wachache huliwaza. Matibabu mengi ya limfoma huwa na prednisoloni, dawa ya steroidi inayoshusha kinga, na dawa hiyo inaweza kuwaamsha minyoo wa strongiloidi. Huingilia kwenye ngozi ya miguu kutoka udongoni, kisha wanaweza kukaa utumboni miaka mingi bila mtu kujua. Kinga ikishuka huzaana ovyo na kusambaa hadi mapafuni: tumbo linauma, mtu anatapika, anakohoa, na wote mnadhani ni kemo. Kama mgonjwa wako amelima mpunga pekupeku tangu utotoni, mwambie daktari hivyo kabla prednisoloni haijaanza, ili aamue kama atampa ivamektini, dawa ya minyoo hao. Na kipimo kimoja cha choo huweza kuwakosa minyoo hao, omba kirudiwe.