Ndoo ya lita 20 na chuma cha kilo 20: jibu kwa mama wa miezi minne

Mdogo wangu wa Tabata, swali lako nimelisoma mara mbili. Mtoto ana miezi minne, ulijifungua kwa operesheni, likizo imeisha na kazini umesharudi, tumbo bado linaning'inia na mgongo unakatika kila ukimbeba. Unataka kuanza kunyanyua vyuma jimu. Mama mkwe anasema maziwa yatakauka, mumeo anacheka kwamba utaota mabega ya baunsa. Unauliza uanze sasa au usubiri mtoto aache ziwa.

Anza sasa. Ila usianze nilivyoanza mimi.

Wangu nilimzaa kwa njia ya kawaida, nikashonwa nyuzi tatu. Uzazi nililelewa kwa mama, Temeke: uji wa pilipili manga alfajiri, mtori wa wifi yangu Mchaga mchana, kukandwa maji ya moto jioni, na mkaja umekazwa mpaka kucheka ni shida. Nilipotoka arobaini nikajiona mzima kabisa. Wiki ya tisa nikaingia jimu ya mtaani huku Sinza, zile za bati na kioo kimoja kilichopasuka, elfu tatu kwa siku. Nikamwambia mwalimu nataka tumbo liondoke. Kijana wa watu akanipa kile anachowapa vijana wenzake: kulala chali na kujikunja mara hamsini, kuinua miguu, halafu kamba ya kuruka. Kwenye kamba sikufika mbali. Ruko la tatu mkojo ukanitoka, na si tone, suruali ililowa. Nikajimwagia maji ya chupa nionekane nimemwagikiwa, nikapanda bajaji, nikafika nyumbani nikalia.

Sikumwambia mtu. Nikaendelea kujikunja chumbani kwangu wiki tatu nzima, maana akili yangu iliniambia tumbo likiisha na mengine yatajipanga. Siku moja nikajiona kwenye kioo cha kabati: kila nikijikunja, katikati ya tumbo panachomoza kitu kama mgongo wa samaki, kuanzia chini ya kifua hadi kitovuni. Hapo ndipo nilipoogopa. Siku ya kliniki ya mtoto nikamnong'oneza nesi, naye akanielekeza kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Yule mama alinilaza chali, magoti juu, akasema inua kichwa kidogo, akazamisha vidole juu ya kitovu. Viliingia vitatu.

Alivyonieleza ni hivi. Mbele ya tumbo kuna misuli miwili mirefu, kushoto na kulia, imeshonewa pamoja na utepe katikati. Mimba inauvuta ule utepe, na baada ya kujifungua unarudi polepole. Kwa wengine nafasi inabaki pana. Chini kabisa nako kuna misuli iliyobeba kibofu na kizazi kama machela. Ukijikunja kwa nguvu au ukiruka wakati sehemu hizo mbili hazijarudi, msukumo wa ndani unatafuta pa kutokea. Ukitokea mbele ndio ule mgongo wa samaki, ukitokea chini ndio mkojo. Na mkaja uliokazwa kupita kiasi ni kama kuuminya mfuko wa maji katikati: maji hayapungui, yanakimbilia chini. Mkaja siutukani, ulinipa joto na nikajisikia nimeshikwa. Lakini hauwezi kuifanya kazi ya misuli.

Wewe uliyepasuliwa usijidanganye kwamba huku chini umepona. Mzigo wa miezi tisa ulibebwa na misuli ileile, mtoto apite mlango au dirisha. Tena una kovu, na lililoshonwa si ngozi peke yake, kuna matabaka chini yake. Kwa hiyo kabla ya jimu rudi kwa daktari au mkunga akuangalie kovu, akupime presha na damu. Damu usiiruke. Wengi wetu tunatoka uzazini tumepungukiwa madini ya chuma, halafu tunajiita wavivu kumbe tunahitaji vidonge. Mimi nilikuwa mmojawapo.

Sasa tuje kwa mama mkwe. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, hiyo ni hesabu ya darasa la nne. Kile chuma kirefu cha jimu, kabla hujakitia sahani ya uzito hata moja, nacho ni kilo 20. Ule mtungi mkubwa wa gesi wa kilo 15 ukiwa umejaa unazidi hizo kilo kwa mbali, kwa sababu chuma chake nacho kina uzito. Maji yakikatika hapo Tabata utanyanyua ndoo, na hakuna atakayesema maziwa yatakauka. Kwa hiyo si kwamba tutaanza kubeba vizito. Tunabeba tayari, tena vibaya: mgongo umepinda, pumzi imezuiwa, mtoto kiunoni upande mmoja. Hoja hii nilimpa mama yangu mzazi akanyamaza, akasema tu "haya, ila usisahau kula".

Mwezi wa kwanza wa kuanza upya sikugusa chuma. Nilipumua. Usicheke. Unalala chali magoti juu, unavuta pumzi mpaka mbavu zinatanuka, halafu unapoitoa unakaza huku chini kama mtu anayezuia ushuzi kwenye daladala iliyojaa, na tumbo la chini unalivuta ndani taratibu. Shikilia kwa hesabu ya tano, achia kabisa. Kuachia nako ni nusu ya zoezi. Mara kumi, asubuhi, mchana, usiku. Usifanye ukiwa unakojoa, unaivuruga kazi ya kibofu. Yanaitwa mazoezi ya Kegel, kwa jina la daktari Mmarekani aliyeandika habari zake mwaka 1948. Somo yangu alinifundisha kitu kilekile mwalini kwa sababu nyingine kabisa, na wala hakuwa na habari na huyo Kegel.

Pamoja na hayo nilitembea. Sinza hadi Mwenge na kurudi jioni jua likipoa, mtoto nimemwacha kwa dada.

Baada ya hapo ndipo nikarudi kwenye vyuma, mara mbili kwa wiki, dakika arobaini. Nilibadilisha jimu, nikaenda kwa mwalimu wa kike ambaye naye ameshazaa, na swali la kwanza aliloniuliza ni kama mkojo unanitoka. Ukimpata wa kukuuliza hivyo, mlipe. Alinianzisha na mambo matano tu, na hadi leo sijaongeza la sita. Kukaa kwenye benchi na kusimama nikiwa nimekumbatia dambeli, kile chuma kifupi cha kushika kwa mkono mmoja, ya kilo nne, ndiyo skwati yenyewe ya wanaoanza. Kuvuta mpira wa mazoezi kuelekea kifuani, kwa ajili ya huu mgongo uliopindwa na kunyonyesha. Pushapu za kusimama, mikono ukutani. Kuinua uzito kutoka sakafuni kwa kurudisha makalio nyuma, mgongo umenyooka. La tano ndilo ninalolipenda: unashika dambeli mbili, moja kila mkono, unatembea ukumbi mzima kama mtu anayetoka bombani, mabega yametulia. Kila moja mara nane hadi kumi, mizunguko mitatu, na ukimaliza unahisi ungeweza mara mbili tatu zaidi. Mwanzoni usinyanyue mpaka unatetemeka.

Kanuni ya kuongeza uzito ilikuwa ya kijinga kwa wepesi wake. Toa pumzi wakati wa kunyanyua, usiibane. Ukimaliza na hakuna mkojo, hakuna uzito wa kuvuta huku chini kama kitu kinataka kutoka, na tumbo halikuchomoza, wiki ijayo ongeza kilo moja au mbili. Kimojawapo kikitokea, rudi chini. Mimi nilirudi chini mara mbili, mara ya pili ni wiki ambayo mtoto alikuwa anaota meno na mimi usiku mzima nimelala kwa muda wa saa tatu tu. Siku kama hiyo hata kilo nne ni nzito, na hakuna wa kumlaumu.

Kwa upande wako, ukiona kovu linavuta au linauma, damu inaanza kutoka upya, mguu mmoja umevimba na kuuma nyuma ya goti au kwenye shavu la mguu, kifua kinabana, au kichwa kinagonga na macho yanaona ukungu, acha vyuma uende hospitali siku hiyohiyo. Kukimbia na kuruka kamba kaa navyo mbali mpaka utakapoweza kukohoa na kupiga chafya kwa nguvu bila kubana miguu. Najua wenzio kwenye jogging za Jumamosi asubuhi watakuita. Waitikie kwa kutembea nyuma yao.

Maziwa hayakauki kwa mazoezi ya kiasi, wala hayachachi. Yanapungua ukishinda na njaa na kiu, na hapo ndipo tunapojiponza wenyewe: mtu anaanza jimu siku ileile anayoacha kula wali. Anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi ya zamani. Mimi nilikuwa nakula mayai mawili asubuhi, dagaa au maharage mchana, mchicha kila siku, ugali wa dona, na ndizi moja nusu saa kabla ya mazoezi. Uzito ulishuka kama nusu kilo kwa wiki, wiki nyingine haukushuka kabisa. Maji nilibeba chupa ya lita moja na nusu na kuimaliza palepale, maana jimu ya bati mwezi Januari hapa Dar ni tanuri.

Nyonyesha kabla hujatoka nyumbani. Kwanza mtoto atatulia, pili matiti yaliyojaa yanauma vibaya ukijilaza kwenye benchi. Ukikamua ya akiba usiiache mezani kwa joto hili, weka kwenye friji mara moja. Sidiria moja haitoshi, nilivaa mbili, ya kunyonyeshea ndani na ya michezo juu yake, hiyo ya juu nilinunua mtumba Karume na bado ninayo.

Kuhusu muda, maana umesema unatoka ofisini saa kumi na moja: sheria ya kazi inakupa hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi za kumnyonyesha mtoto. Zidai. Saa hizo ni zake, usizipeleke jimu, lakini akishanyonya mchana vizuri jioni hakudai kwa fujo, nawe unapata ile dakika arobaini bila kuangalia simu kila sekunde. Mimi nilikwenda Jumanne jioni na Jumamosi asubuhi. Jumamosi baba yake alikuwa zamu, na pampasi alijifunza kubadilisha hukohuko kwenye zamu.

Na mwambie mumeo hayo mabega ya baunsa hayaji kwa bahati mbaya. Mabaunsa wanakula na kunyanyua miaka na miaka wakiyatafuta. Mimi sasa mwanangu ana mwaka na miezi minane, vidole vinavyoingia juu ya kitovu ni kimoja na nusu, natoa sakafuni kilo 55, na mabega ni yaleyale ya kwenye picha za harusi. Kamba ya kuruka naweza, ila navaa suruali nyeusi. Gesi ikiisha mume wangu haiti tena kijana wa bodaboda aje kupandisha mtungi ghorofani, ananiita mimi, na hilo bado tunalizungumza.