Maswali yenu: Maili za ndege na ile tiketi ya bizinesi klasi ya bure

Mwezi huu karibu kila mtu ameniuliza kuhusu maili, zile pointi unapewa ukisafiri ama ukitumia kadi ya benki halafu baadaye zinakukatia tiketi. Nimechukua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu juu najua nyumba nyingi hapa Nairobi ziko kwa hiyo hali.

*

Dada, habari ya kazi? Mamangu amefika miaka sabini na kitu, miguu inamfura akikaa kitako sana, na ndugu yangu ako New Jersey anataka mathe aende akaone wajukuu. Nimeona video za Wamarekani wanasema wanapanda bizinesi klasi bure na pointi za kadi. Mimi pia niko na kadi ya benki na inanipa pointi. Naeza kumkatia mama tiketi nayo?
— Kifungua mimba, Donholm

Kwanza nisalimie mama sana. Sasa, kwa kadi yako ya hapa utangoja miaka, na si kosa lako. Benki za Marekani zinang'ang'ania wateja, mtu akifungua kadi mpya na atumie kiasi fulani ndani ya miezi kama mitatu anamwagiwa makumi ya maelfu ya pointi mara moja, na hapo ndipo wale watu wa video wanatoa utajiri wao. Huku kwetu kadi hazilipi hivyo.

Kusafiri pia hakujazi akaunti haraka vile watu wanadhani. Chukua Flying Blue, programu ya Air France na KLM. Tangu 2018 wanahesabu pesa uliyolipa, mambo ya umbali waliacha, na mwanachama wa kawaida anapata maili 4 kwa kila yuro 1 ya nauli, ushuru wa serikali hauhesabiwi. Nauli ya yuro 700 inakupa maili 2,800. Tuseme bizinesi klasi wanataka maili 60,000 kwenda tu, bado kurudi, hapo utahitaji safari zaidi ya ishirini za aina hiyo, na nani ako na pesa ya safari ishirini?

Lakini wewe uko na ndugu New Jersey! Hiyo ndio mali yako, na inaniuma vile familia nyingi hazijui. Watu wetu walio kule wanabeba kadi za Chase, American Express ama Citi, wananunua nazo mafuta na chakula cha watoto, na pointi zinalala tu pale wakati zinaweza kuhamishwa ziwe maili za Flying Blue. Na kwa vile Kenya Airways ako ndani ya SkyTeam, muungano wa mashirika ya ndege yanayokubaliana maili, pamoja na Air France na KLM, maili hizo zinaweza kukata hata kiti cha KQ kutoka JKIA moja kwa moja hadi JFK, uwanja wa New York, ile ndege ilianza Oktoba 2018, masaa kama 15 hewani bila kushuka popote. Kiti cha bizinesi kwa hiyo Dreamliner kinalala kabisa kinakuwa kitanda, mama ananyoosha miguu. Shida ni kwamba viti vyenyewe ni 30 tu na vile vinatolewa kwa maili ni vichache zaidi, kwa hivyo muwe tayari kubadilisha tarehe, ama mama apitie Amsterdam au Paris.

Ndugu yako afuate mpangilio huu tafadhali. Afungue akaunti ya Flying Blue, haina malipo, atafute kiti kwanza akiwa hajahamisha hata pointi moja, juu pointi zikishatoka benki zikaenda kwa shirika la ndege hazirudi tena. Akikiona ahamishe, mara nyingi zinafika hapo hapo, akate tiketi kwa jina la mama vile limeandikwa kwa pasipoti, herufi kwa herufi. Deni la kadi alimalize lote kila mwezi, riba ikiingia basi hiyo tiketi ameinunua bei ghali. Na hata kwa maili kuna pesa ya kulipa, ushuru wa viwanja pamoja na ile ada shirika lenyewe linaongeza, na njia moja inaweza kutoza mara kadhaa kuliko nyingine, kwa hivyo alinganishe kabla ya kulipa. Halafu visa, visa, visa! Mama apate visa kwanza ndio muanze kutafuta kiti.

*

Asalaam aleikum. Mimi naleta nguo na vitambaa. Guangzhou naenda na Ethiopian, Istanbul na Turkish, Dubai na Emirates. Niko mwanachama wa zote tatu na kila moja iko na maili kidogo kidogo hazifiki popote. Nifanye aje?
— Mwenye duka, Eastleigh

Waaleikum salaam ndugu yangu. Ethiopian na Turkish wote wako Star Alliance, muungano mwingine kama ule wa SkyTeam, Ethiopian aliingia Desemba 2011, kwa hivyo chagua programu moja kati ya hizo mbili na utoe namba hiyo hiyo kila ukipanda yeyote kati yao. Mimi ningechagua ya yule unapanda naye zaidi. Emirates hayuko kwa muungano wowote kati ya ile mikubwa mitatu, maili zake za Skywards zinaisha mwaka wa tatu mwisho wa mwezi uliozaliwa, zitumie hata kwa kupandishwa daraja siku moja ukienda Dubai badala ya kuziacha zife.

Chukua tiketi yako ya mwisho uiangalie. Karibu na namba ya ndege kuna herufi moja imekaa peke yake. Hiyo herufi ndio inaamua, kuna zinazokupa maili zote za umbali, kuna zinazokupa robo, na zile za nauli ya chini kabisa unaweza kupata sufuri. Muulize ejenti wako herufi gani kabla hujalipa, wakati mwingine tofauti ya bei ni ndogo sana. Boding pasi usitupe hadi uone maili zimeingia, zikikosa unadai, na programu nyingi zinakupa miezi kama sita tu.

Na kwako wewe naona bizinesi klasi si ndio zawadi kubwa. Ukifika ngazi ya Gold ya Star Alliance, ile ya wanaosafiri sana, unaongezewa kilo 20 za mzigo, ama begi moja zaidi kama wanahesabu mabegi, kila safari. Mtu wa nguo anajua hizo kilo ni pesa ngapi.

*

Kuna jamaa kwa grupu ya WhatsApp anauza bizinesi klasi ya London nusu bei, anasema anatumia maili, unamlipa na M-Pesa. Ni kweli?
— Kijana, Kasarani

Usitume hiyo pesa. Hata kama tiketi ni halali leo, programu hizi zinakataza kuuza maili, shirika likigundua linafuta tiketi na kufunga akaunti, na wewe uko kaunta JKIA na sanduku lako. Mara nyingine maili zenyewe zimeibwa kwa akaunti ya mtu. Naomba sana, mwambie na yule ulitaka kwenda naye.

*

Nimepata kazi ya unesi Uingereza, naondoka karibuni. Nianzie wapi na haya mambo ya maili?
— Nesi, Kayole

Hongera dada! Anza na Avios, ndio maili za British Airways. British Airways anatoka hapa moja kwa moja hadi Heathrow, na Qatar Airways, ambaye anapitia Doha, pia anatumia Avios tangu 2022, unaunganisha akaunti mbili na kuzihamisha vile unataka. Ukifika huko, pointi za Nectar za pale supamaketi ya Sainsbury's zinageuzwa kuwa Avios, kwa hivyo hata unga na maziwa vitakusaidia kurudi Krismasi. Jua tu kwamba Uingereza wanatoza ushuru wa abiria kwa ndege zinazotoka kwao na bizinesi klasi unatozwa zaidi ya ekonomi, kwa hivyo tumia maili za viti vya mbele ukitoka Nairobi kurudi kazini, na ukitoka London panda ekonomi.

Jiunge kabla ya hii safari ya kwanza. Hata kama ni hospitali imekulipia tiketi, maili huwa za anayesafiri. Wape namba yako ya uanachama wanapokukatia, na wakisahau itoe mwenyewe kaunta kabla hawajachapa boding pasi.