Sukari 6.2 baada ya miaka 70: usianze kwa kujinyima

Majibu ya sukari ya kufunga yanasema 6.2, na mzee wa miaka 72 anaacha chakula cha usiku siku hiyohiyo. Baada ya miezi 3 suruali zinampwaya, mapaja yamesinyaa, na hawezi kuinuka kitini mpaka ashike meza. Akianguka akavunjika nyonga, hasara yake ni kubwa kuliko ya hiyo 6.2.

Kwa sukari ya kufunga, yaani iliyopimwa baada ya kukaa kwa muda wa saa 8 bila kula wala kunywa chochote ila maji, kisukari huanzia 7.0 mmol/L. Mpakani, yaani sukari imepanda lakini bado si kisukari, Shirika la Afya Duniani huhesabu kuanzia 6.1, Wamarekani kuanzia 5.6. Ndiyo maana 5.8 ileile daktari mmoja ataipitisha na mwingine atakuonya. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi 2 hadi 3, mpaka wake kwa Wamarekani ni asilimia 5.7 hadi 6.4.

Kwanza hakikisha namba yenyewe. Homa, kidonda chenye usaha na dawa za steroidi kama prednisolone hupandisha sukari. Mashine ya nyumbani inaweza kukosea kwa asilimia 15, na kidole kilichotoka kumenya tunda hudanganya kabisa: nawa kwa sabuni, suuza, kausha, ndipo uchome. Upungufu wa madini ya chuma unaweza kuipandisha HbA1c bila sababu. Kuongezewa damu karibuni au ugonjwa wa selimundu huweza kuishusha. Mwambie daktari haya yote, kisha rudia kipimo maabara. Kwa wazee wengi sukari hubaki hapohapo mpakani kwa miaka, na wengine hurudi chini.

Namba ikithibitika, anza na misuli, maana ndiyo inayomeza sukari nyingi baada ya mlo. Tembea dakika 10 hadi 15 kila ukimaliza kula. Asubuhi na jioni inuka kitini mara 10 bila kujishika, kiti kikiwa kimeegemezwa ukutani. Nusu ya sahani iwe mboga, robo wanga, robo protini, na protini isikosekane mlo wowote (mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kiasi). Mnene apunguze asilimia 5 hadi 7 ya uzito, polepole. Mwembamba asipunguze hata kilo moja.

Pima tena baada ya miezi 6 hadi 12. Usingoje muda huo ukiona kiu isiyokatika, kukojoa kila mara usiku, au kukonda bila kukusudia.